Saba Saba tumeilia Pugu: msitu, popo na mguu wa taratibu

Ukimwambia mtu wa Dar unaenda Pugu anajua unaenda kununua mbuzi mnadani. Ukimwambia unaenda kutembea msituni anakuuliza msitu gani tena. Upo jamani, na sio kichaka. Msitu wa Pugu na mwenzake wa Kazimzumbwi ndo vimeunganishwa vikawa Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kiutawala ni Kisarawe mkoa wa Pwani lakini kutoka Kariakoo unafika kwa daladala mbili tu.

Mwaka 2025 Saba Saba iliangukia Jumatatu, wikiendi ndefu, mume wangu akasema anawapeleka watoto viwanjani Kilwa Road wakapande bembea, mie nikaona hapa hapa. Nikampigia wifi yangu wa Mabwepande, mdogo wake mume wangu, nikamwambia wifi njoo ulale kwangu Ijumaa, Jumamosi tunaingia porini. Ni kipupwe, masika ishapita, joto limeshuka, tope limekauka, miti mingine ndo inaanza kupukutisha majani. Hakuna muda mzuri kama huu wa kutembea ukanda wetu, mwezi wa pili ukijaribu hivyo utarudi umebebwa.

Nilikuwa naandika vitu kwenye simu kila jioni, nimekaa na picha nikavipanga. Bei ni za siku hizo, zikipanda msinidai.

Jumamosi, 5 Julai: Tabata hadi Kisarawe, jioni kwa popo

Tumetoka home saa moja asubuhi, Buguruni tukapata gari ya Gongo la Mboto, nauli 600. Kwa siku isiyo ya kazi nilitegemea tupae, wapi, kuanzia Banana gari linatembea na kusimama, barabara ya mwendokasi ile ilikuwa bado kuna vipande wanavimalizia na kila gari lilitaka kupita penye upenyo uleule. Tuliingia Gongo la Mboto saa mbili na nusu.

Hapo sasa ndo kasheshe, gari ya Kisarawe haiondoki mpaka ijae, na kujaa kwake ni kujaa kweli. Tumekaa ndani karibu saa nzima, tumekula karanga, tumekula mayai ya kuchemsha na kachumbari, kuna mama kaingia na kuku watatu kwenye kikapu akakiweka chini ya miguu ya wifi, wifi anaogopa kuku kuliko nyoka. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa Kizaramo, kofia yake ya vito, bakora mkononi. Nikamwamkia, shikamoo babu, marahaba mwanangu, mnaelekea wapi na mabegi haya kama wanafunzi? Nikamwambia tunaenda kutembea msituni. Akatutazama wote wawili kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema vizuri, ila suruali mzichomeke kwenye soksi, siafu wa huko hawana adabu. Akaanza kutueleza zamani Kisarawe mtu akitaka kwenda mjini alikuwa anajihimu alfajiri kwa mguu na gunia la muhogo kichwani.

Ukishapita Pugu Kajiungeni barabara inaanza kupanda na kukata kona, nyumba zinapungua, miti inakaribia barabara huku na huku na upepo wa dirishani unabadilika, unapoa. Vilima vyenyewe sio virefu, vinakaribia mita 300 toka usawa wa bahari, lakini kwa mtu aliyelala Tabata na feni inatosha kuvaa sweta.

Babu alishuka kabla yetu. Tulivyofika stendi Kisarawe natoa 1,400 ya watu wawili, konda ananiambia dada mmeshalipiwa, yule mzee kasema nyie ni wageni wake. Tukabaki tunatazamana. Hatukumuuliza hata anapokaa.

Gesti tulipata karibu na stendi, chumba cha vitanda viwili, choo ndani, 25,000. Maji ya moto hakuna ila mhudumu alisema mkitaka nawabandikia ndoo, na alibandika kila siku, hakutaka hata chochote juu. Mchana tukala kwa mama ntilie wali, maharage, mchicha wa nazi na kipande cha nguru, 3,000 sahani, na wifi akaongezewa ukoko bure kwa sababu aliusifia.

Kwa atakayeenda: kiingilio cha hifadhi hulipi mkononi, unapewa kontroo namba unalipia kwenye simu. Sisi mtandao ulikata tukasimama pale geti dakika arobaini tunainua simu juu, kwa hiyo nenda na laini za mitandao miwili na hela uwe umeshaiweka kwenye simu. Kwa Mtanzania ni hela ndogo, mgeni wa nje ndo analipa zaidi. Mwongozaji analipwa pembeni, na mchukueni, msijifanye wajuaji, njia zinagawanyika sana na nyingine ni za watu wa kuni tu, hazikufikishi popote.

Yule kaka tuliyepewa alikuwa mpole, haongei mpaka umuulize, ila ukimuuliza hamalizi. Tukamwambia hatuna haraka, hatutafuti kilomita. Akafurahi kweli, akasema wengi wanaokuja wana saa kwenye mkono inayohesabu hatua, wanapita kila kitu.

Jioni akatupeleka kwenye mapango ya popo. Mapango haya sio ya asili, ni mashimo ya machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, unaingia pia kwenye karatasi na rangi. Ukigusa ukuta wa pango vidole vinatoka vyeupe kama umeshika chaki, halafu ukisuguanisha unahisi ulaini wa poda, hauna mchanga hata chembe. Nilijipaka kidogo shavuni wifi akanipiga picha, nimeifuta.

Harufu ya mlangoni ni kali, kinyesi cha popo cha miaka na miaka, inakuingia mpaka kwenye koo. Kaka akasema tusiingie ndani, tukae pembeni chini ya mlango, tunyamaze, tochi tuzime. Jua Julai linazama saa kumi na mbili na robo hivi. Kwanza akatoka mmoja, akazunguka, akarudi ndani. Wakatoka wawili watatu. Halafu kama saa kumi na mbili na nusu ndo wakaja wote, ni kama watu wanavyomwagika Uwanja wa Mkapa baada ya mechi ya Simba na Yanga, mlango mmoja na kila mtu anataka kuwahi, tofauti hawa hawagongani. Unausikia upepo wa mabawa usoni. Wifi alikuwa amejifunika kanga kichwa kizima, anachungulia kwa jicho moja na kuniuliza kila baada ya muda, wameisha? Hawakuisha. Tuliondoka wao bado wanatoka.

Usiku tukiwa gesti tukasikia ngoma kwa mbali ikisogea. Mdundiko. Sijui ilikuwa harusi ama wanamtoa mwali, mavuno yamekwisha ndo msimu wake. Mdundiko hauchezwi umesimama sehemu moja, unatembea, na anayeusikia anaunga, kwa hiyo kundi linalopita kwako ni kubwa kuliko lililoanza. Walipita mbele ya gesti saa nne hivi, mhudumu wetu akaacha ufunguo wa mapokezi mezani akaondoka nao. Alirudi saa saba, tulimsikia anagonga dirisha la mlinzi.

Jumapili, 6 Julai: siku ya kutembea

Asubuhi supu na chapati mbili, 3,500. Tukaingia msituni saa mbili, maji lita moja na nusu kila mtu, muhogo wa kuchemsha kwenye mfuko, ndizi. Nilitaka kubeba na thermos ya chai wifi akakataa kata kata kwamba yeye sio mpagazi.

Saa ya kwanza tulienda labda kilomita moja, sidanganyi. Kila hatua kuna kitu. Juu wanapita hondohondo, ambao ukisikia sauti yao bila kuwaona utasema kuna mtoto analia, wifi alisimama kabisa akauliza nani kamuacha mtoto huku. Kima wakawa wanatuchungulia wakirusha matawi. Chini majani makavu yamelala kwa tabaka, ukikanyaga yanalia, na ndani yake kulikuwa na maganda yamepasuka ya mti wa mbambakofi, wengine wanauita mkongo. Ganda lake ni nene, gumu kama ubao, ndani limegawanywa vijumba vyeupe na kila kijumba kina mbegu nyeusi tii inayong'aa, yenye kofia nyekundu ya machungwa upande mmoja. Utasema kaipaka mtu. Kaka akasema watu wanazifanyia shanga, ila hapa hifadhini ukiziokota unaziacha ulipozikuta. Nikaziacha. Roho iliniuma.

Mbambakofi ndo mbao yake milango ya kuchonga ya Pwani, na msitu huu ulihifadhiwa tangu enzi ya mkoloni mwaka 1954 lakini hiyo haikuwazuia watu wa mkaa. Tuliona mahali pa tanuru la zamani, duara jeusi, hapaoti kitu ila nyasi. Dar inapika kwa mkaa, na Pugu ndo ilikuwa karibu. Kaka alisema hivyo bila kulaumu, akaongeza tu kwamba hata nyie mjini mnautaka wa bei rahisi. Wifi akakohoa.

Tukauliza wanyama. Chui hatujamuona wala hatukumtafuta. Ila alituambia habari ya komba mdogo, anaitwa komba wa Rondo kwa ajili ya uwanda wa Rondo kule Lindi, uzito wake gramu 60 hivi, unamuweka kwenye kiganja na nafasi inabaki. Wanapatikana kwenye misitu michache sana ya Pwani ya Tanzania, dunia nzima hakuna kwingine, na Pugu ni mmojawapo. Wanatoka usiku. Nilifikiria siku zote nimepita Nyerere Road kwenda Airport kusindikiza watu na sijui kama mwisho wa barabara ile kuna kiumbe kama hicho.

Siafu walitukuta kwenye mteremko, mkanda mweusi unakata njia. Mimi suruali ilikuwa kwenye soksi kama babu alivyoagiza. Wifi aliona soksi zinaharibu picha. Sitaeleza zaidi, yeye mwenyewe ataisoma hii.

Mchana tukafika bonde lenye kijito. Kijito kweli, maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, meupe, mchanga unauona chini na vijisamaki vidogo vinakimbia kivuli chako. Wifi alikivuka kwa hatua moja, akageuka akauliza haya maji yanaenda wapi. Kaka akajibu, haya ndo yanashuka mpaka Msimbazi.

Akasimama. Inabidi niwaeleze, wifi yangu na familia yao walikuwa wanakaa Jangwani. Desemba 2011 Msimbazi uliingia ndani usiku, wakapanda juu ya bati na mtoto mgongoni, na baada ya hapo ndo serikali ikawahamishia watu Mabwepande, wao wakiwemo. Tangu naolewa sijawahi kumsikia akiutaja ule mto kwa jina, huwa anasema "kule chini". Sasa amesimama juu ya maji ambayo hata kandambili hayabebi. Akachutama akatia mkono, akaosha uso, akasema, hivi ndo wewe?

Kaka akatueleza vizuri na nimemuelewa kuliko warsha yoyote. Mto unaanzia vilima hivi vya Pugu, unapita chini huko Ukonga, Vingunguti, Kigogo, Jangwani, unaingia baharini kwenye daraja la Salender. Mvua ikinyesha juu ya msitu, majani na mizizi inayameza maji yashuke taratibu. Ikinyesha penye ardhi tupu, maji yote yanaondoka kwa pamoja na mchanga wake, na mchanga ule ndo unaojaza mto kule Jangwani mpaka maji yakose pa kupita isipokuwa barabarani na majumbani. Takataka zetu za mjini zinamalizia kazi. Tulikaa pale karibu saa nzima tukala muhogo wetu, wifi kavua raba kaweka miguu majini na hakuna aliyemharakisha.

Kwa atakayeenda: msibebe chakula cha harufu kali, kima wana mikono. Raba zenye kunata chini, majani makavu kwenye mteremko yanateleza kuliko tope. Kanga moja kila mtu, utakalia, utajifunika, utajifutia. Na chaji ya simu itunze kwa picha za jioni, mie pawabenki ilikata saa nane na ndo maana bwawa tulilolikuta njiani sina picha yake hata moja, mtaniamini tu kwamba lilikuwa na maua ya yungiyungi.

Kurudi tulipitia pembeni ya kijiji. Bibi mmoja alikuwa kakaa chini ya mchungwa anakuna nazi, tukaamkia, tukaomba kununua machungwa kumi. Akamtuma mjukuu, mtoto akarudi na ndoo. Ndoo nzima. Tukatoa 3,000 bibi akakunja uso, mwanangu machungwa yameanguka yenyewe, hela ya nini? Tukabishana pale mpaka mwongozaji akaamua, tumwachie mtoto hela ya daftari. Hapo akakubali, ila akatuongezea na muhogo mbichi. Tumetoka msituni kama tumetoka sokoni, na kumbuka wifi ndo alikataa thermos.

Saa kumi na moja tulikuwa gesti. Tumelala saa mbili usiku.

Jumatatu, 7 Julai: Pugu Sekondari na kurudi

Siku ya mwisho tulitaka iwe ya barabarani tu. Tukatoka Kisarawe kwa gari mpaka Kajiungeni, tukazunguka kwa miguu maeneo ya Pugu. Kanisa Katoliki lina Kituo chake cha Hija hapa, na historia yake sio ya kupita tu. Wamisionari Wabenediktini walifungua misheni Pugu mwaka 1888, na Januari 1889 ikavamiwa na kuchomwa moto wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Tulikuta mahujaji wachache wanapumzika kivulini, mama mmoja akatukaribisha chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake bila kutuuliza dini, na wifi yangu kavaa hijabu kabisa.

Halafu Pugu Sekondari. Ni shule, usiingie ingie, tuliitazama kwa nje na kuongea na mlinzi. Enzi hizo ikiitwa Mtakatifu Fransisko ndo Mwalimu Nyerere alifundisha hapa aliporudi kutoka Edinburgh. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 akiwa bado mwalimu wa Pugu, na mwaka 1955 akaacha kazi ya ualimu ili ashike siasa. Yaani hii Saba Saba tunayokwenda kununua masufuria kwa punguzo, mwanzo wake ni mtu aliyekuwa anakaa huku juu na kushuka mjini kwenye mikutano, na wazee wanasimulia safari nyingine aliishusha kwa mguu. Nikamuuliza mlinzi kama leo kuna wageni wa kuangalia shule. Akacheka, wageni wote wako Sabasaba.

Kurudi hatukutaka foleni ya Banana tena. Boda 2,000 mpaka stesheni ya SGR Pugu, tiketi ya kwenda Dar 1,000, treni ya kawaida sio ile inayopitiliza. Sio nyingi kwa siku, kwa hiyo angalia ratiba kabla hujapanga siku yako na uwe na kitambulisho. Tulisubiri masaa mawili na kidogo, tukamenya machungwa, tukagawa kwa familia moja iliyokuwa inatoka msibani, wakatupa maandazi. Treni ilipofika tulikaa, hata nusu saa haikuisha tuko mjini. Wifi alilalamika haikutosha kusinzia.

Jumla kwa mtu mmoja, malazi tukigawana, chakula, nauli, kiingilio na fungu la mwongozaji, haikufika 80,000. Kutoka stesheni mpaka Tabata boda aliniomba 6,000, mara sita ya treni. Nikalipa, ndoo ya machungwa isingepanda daladala.

Wifi kashaniuliza kama Kazimzumbwi upande wa pili kuna kambi ya mahema. Ipo sehemu ya kupiga kambi, nimeshaulizia, ila safari hiyo yeye ndo atabeba thermos.